Mengineyo

Nililetwa kuandika, si kusema.
Ukumbi wa ghorofa ya pili, Capri Point,
kiyoyozi kinakohoa, chupa ya maji mbele ya kila jina.
Nje ya dirisha pimbi wawili wanaota jua juu ya jiwe.
Wao hawakualikwa.

Mwenyekiti, Dokta Rwegoshora, akafungua:
"Tupo hapa kuamua tuulize nini,
miaka mitano ijayo, kuhusu mashine na mtoto."
Nikaandika: miaka mitano. Mashine. Mtoto.
Kwa mpangilio huo.

Zikagawiwa karatasi za njano, zile za kunata.
Andika swali, bandika ukutani.
Kufikia chai ya saa nne ukuta umeota magamba kama sato:
Je, kishikwambi huongeza ufaulu?
Kwa asilimia ngapi? Kwa shilingi ngapi kila kichwa?
Je, mwalimu yuko tayari?
(Hakuna aliyeandika: tayari kwa lipi.)
Mtu alibandika "akili mnemba", basi,
bila kiulizo,
ikazoa kura kuliko zote.

Mwalimu Minza Lugendo alivuka na kivuko cha Kamanga,
kile cha kwanza cha asubuhi.
Kwenye soli zake mchanga ulikuwa bado unametameta dagaa.
Hakubandika kitu.
Alipopewa kipaza sauti alikilaza mezani,
akasimama kama yuko darasani.

"Mlikuja kwetu mwaka jana, mwezi wa nane.
Mkahesabu: arobaini na tisa kati ya hamsini na wawili.
Mkaandika kwamba vishikwambi vimewarudisha watoto shuleni.
Nilifurahi. Hata picha nilipiga.
Lakini mlikuja wiki ya mbalamwezi.

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa.
Mitumbwi inalala, na mtoto analala.
Giza likirudi, hao hao hamsini na wawili
wako mchangani tangu alfajiri,
wanaanika, wanageuza, wanafukuza korongo.
Nabaki na kumi na wanane.
Juzi kumi na mmoja,
kila mmoja na kishikwambi chake, na vingine vimenitazama.
Na ile paneli ya jua mliyotufungia,
sitaki kumtaja mtu,
siku za giza inachaji taa za ziwani.
Simlaumu. Madaftari ya mwanawe yanatoka humo humo.

Kwa hiyo swali langu ni dogo.
Kabla hamjauliza mashine inafundisha nini,
mnaweza kuuliza mwezi uko wapi?"

Walicheka, kicheko kizuri, si cha dharau.
Profesa mmoja alifungua kalenda ya simu,
akarudi nyuma kwa kidole, mwezi hadi mwezi,
akaacha kucheka.

Mwenyekiti akasema ahsante mwalimu, hoja nzito sana hiyo.
Katibu, iweke kwenye mengineyo.
Nikaiweka.
Namba kumi na moja, chini ya nauli.

Usiku nilikaa kibarazani kwetu Igogo,
mabati ya majirani yakishuka ngazi kwa ngazi hadi majini.
Hapakuwa na mwezi.
Ziwa lilikuwa limewaka, mji mwingine mbele ya mji,
nikaanza kuhesabu taa,
nikafika mia na ushei, zikasogea, nikapotea,
nikaanza tena.
Kila taa, kesho, dawati moja tupu.
Au matatu. Sijui.
Nilikaa kikaoni saa nane na sijui.

Nikafungua kompyuta. Nikaipandisha aya yake hadi namba moja.
Nikairudisha chini.
Nikaipandisha.
Posho yangu nilikwisha kuisainia.
Ya Minza ilikatwa nauli ya kurudi:
tiketi ya kivuko, walisema, haina mhuri.